Ubuyu, Uji na Tumbo la Mtoto

HOJA: Elimu ya lishe mkoani Singida iweke matunda mbele, na hasa matunda ya miti inayojiotea yenyewe.

AFISA LISHE: Naiunga mkono hoja, na naanzia kwenye sahani. Zamani ugali wa huku ulikuwa wa uwele au mtama uliosagwa na pumba zake. Gramu 100 za unga wa namna hiyo zina nyuzinyuzi gramu 8 na kuendelea. Leo mjini Singida, Kiomboi na Manyoni nyumba nyingi zinapika sembe, mahindi yaliyokobolewa mpaka unga ukawa mweupe pe, na nyuzinyuzi zimebaki mashineni zikisubiri kuku. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unataka mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku, na mtoto wa miaka 2 hadi 5 apate gramu 15. Mvua zetu ni za msimu mmoja. Zikishakatika, kufikia Julai bustani imekauka na mboga za majani zimepanda bei. Huo ndio wakati ubuyu unakomaa na ukwaju unaangushwa. Tuna matunda ya kiangazi juu ya vichwa vyetu, na watoto wetu wanapewa biskuti.

MAMA WA IKUNGI: Mtaalamu, hilo pengo la nyuzinyuzi mimi silioni kwenye sufuria yangu. Kwangu bado tunasonga uwele. Mwanangu wa miezi kumi haumwi kwa kukosa pumba. Anakunywa uji nusu bakuli, tumbo limejaa, anageuza uso. Haipiti saa anaanza kulia. Hizo nyuzinyuzi unazozipigia debe ndizo zinamshibisha kabla hajapata nguvu ya kukua. Nikija kliniki nataka kuambiwa nipate wapi yai, karanga, dagaa, kijiko cha mafuta. Naoneshwa bango lenye matufaha.

AFISA LISHE: Bango la matufaha silitetei. Kiwango cha nyuzinyuzi nilichokitaja kinaanzia miaka 2, na wa miezi kumi hayumo. Kuhusu tumbo uko sahihi: tumbo la mtoto mdogo huchukua takriban gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 8 anabeba gramu 240, yaani kikombe kimoja, na uji wa uwele unakijaza kwa maji na pumba. Ndiyo sababu Taasisi ya Chakula na Lishe ilishughulika na kimea tangu miaka ya 1980. Unapika uji mzito wa kusimamisha mwiko, unauacha upoe kidogo, unatia kijiko cha unga wa nafaka iliyochipuzwa, unakoroga. Uji unalegea wenyewe bila kuongezewa maji. Mtoto anakunywa kikombe kilekile, ila sasa kina unga zaidi ndani yake. Kimea hakuna asiyekijua huku. Kinaishia kwenye pombe tu.

MAMA WA IKUNGI: Umejibu uji. Matunda bado.

AFISA LISHE: Nayajibu kwa damu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 59 kati ya 100 wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu, na wanawake 42 kati ya 100. Uwele una madini ya chuma, lakini yameshikwa na fitati zilizomo kwenye nafaka na kunde, yanapita tumboni na kutoka. Vitamini C inayaachanisha. Mlo uleule wa nafaka na maharage, ukiliwa pamoja na tunda lenye vitamini C ya kutosha, mwili unaweza kufyonza chuma mara mbili au tatu zaidi. Chungwa lina vitamini C miligramu 50 hivi kwa gramu 100. Pera lina zaidi ya 200. Ubuyu hutofautiana mti kwa mti, ila kwa kawaida unalizidi chungwa mara kadhaa, na juu yake una kalsiamu inayokaribia miligramu 300. Kwa hiyo ubuyu kwenye uji wa mtoto ni kijiko kimoja tu, na kazi yake ni kuufanya uwele ufae. Kikorogwe sufuria ikishateremshwa motoni, kwa kuwa vitamini C haistahimili kuchemka.

MAMA WA IKUNGI: Hilo mama mkwe wangu alinifundisha kabla yako, tena bila kutaja miligramu. Analigonga buyu kwenye jiwe, linapasuka, ndani mweupe umeshakauka wenyewe kama chaki na umeshikana na zile nyuzi nyekundu. Anautia kwenye maji ya uvuguvugu, anausugua kwa mkono mpaka mbegu zibaki nyeusi tupu, anachuja nyuzi na mbegu, yale maji mazito anayatia kwenye uji. Sasa kama dawa ilikuwa ni ubuyu, watoto wa wakati wake wangekuwa na afya kuliko wa leo.

MWANDISHI: Nataka hoja hiyo ya Mama isipite hivihivi, kwa sababu takwimu ziko upande wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 karibu nusu ya watoto wa Tanzania walikuwa wamedumaa. Mwaka 2022 walikuwa 30 kati ya 100. Mibuyu ilikuwepo vipindi vyote viwili, na pengine mingi zaidi kile cha kwanza. Anayeyasifu matunda ya asili lazima atueleze hapo.

AFISA LISHE: Nitaeleza. Mtoto anadumaa kwa kuharisha, kwa malaria, kwa kuzaliwa na mama aliyedhoofu, kwa maji machafu, kwa kulishwa mara mbili badala ya nne. Hakuna tunda linaloshinda yote hayo. Chanjo, vyandarua na visima vimefanya kazi kubwa. Lakini 30 kati ya 100 bado wamedumaa, na damu bado ni kidogo, na kwa hilo la damu tunda lina sehemu yake. Halafu mnamzungumzia mtoto peke yake. Nendeni kliniki ya kisukari mkawaone wazazi wake. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban 9 kati ya watu wazima 100 wana kisukari, na zaidi ya robo wana shinikizo la damu.

MZEE WA MKALAMA: Binti yangu, kisukari ni cha wanaokaa. Sisi tunalima kwa jembe la ng'ombe.

AFISA LISHE: Nakusikia kwa heshima, mzee wangu, lakini wanao wamehamia mjini na wanapanda bodaboda kwenda dukani. Acha niseme historia kidogo. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifika Uganda mwaka 1946 na akafanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala. Aligundua kwamba magonjwa yaliyojaza wodi za Uingereza, kama kidole tumbo, vijiwe vya nyongo na saratani ya utumbo mpana, kwa wanakijiji wa Uganda yalikuwa adimu. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakachapisha vipimo: kwa wanakijiji wa Uganda chakula kilipita tumboni hadi kutoka kwa saa 36 hivi, kwa watu wa jeshi la majini la Uingereza zaidi ya saa 80. Na choo cha mwanakijiji kwa siku kilikuwa na uzito wa zaidi ya mara nne. Elimu ya nyuzinyuzi ambayo dunia nzima inaifuata ilianzia kwetu, kwenye ugali na ndizi zetu.

MWANDISHI: Hapo Mulago alikuwepo pia Hugh Trowell, na mwaka 1975 yeye na Burkitt walihariri pamoja kitabu juu ya vyakula vilivyokobolewa na magonjwa. Lakini kabla ya hapo Trowell alikuwa ametumia miaka mingi kuchunguza kwashakoo. Mwaka 1954 yeye na wenzake wawili walitoa kitabu kizima juu ya ugonjwa huo. Tuziweke habari hizi mbili pamoja. Hospitali moja, nchi moja, mapishi yaleyale ya wanga na majani. Kwa mtu mzima chakula hicho kilikuwa kinga ya utumbo. Kwa mtoto aliyeachishwa ziwa, kilimletea miguu iliyovimba, nywele zilizogeuka rangi na ngozi inayobanduka. Kila ninaposoma sifa za "chakula chetu cha asili" nawatafuta watoto hao kwenye maandishi, na mara nyingi hawapo.

MAMA WA IKUNGI: Asante. Ndicho nilichokuja kusema.

AFISA LISHE: Na mimi siwasahau. Ila msitumie mtoto kuninyamazisha kuhusu mtu mzima. Mwaka 2025 watafiti wa hospitali ya KCMC ya Moshi na wenzao wa Uholanzi walitoa matokeo ya wanaume 77 wa Kilimanjaro. Waliozoea ndizi, maharage na mboga walipewa chakula cha kizungu kwa wiki mbili: mkate mweupe, soseji, viazi vya kukaanga. Damu yao ikaonesha dalili za uvimbe wa ndani, na chembe za kinga zikapungua nguvu. Waliozoea chakula cha mjini wakapewa cha asili, na kwao mambo yakageuka kuwa mazuri. Wiki mbili tu.

MZEE WA MKALAMA: Kilimanjaro wana mifereji. Ndizi iko shambani mwaka mzima. Ukiniambia nile kama Mchaga, niletee na mlima. Huku tunakula kwa majira: embe na zambarau mvua zikianza, mapera baadaye, halafu kiangazi kinabaki cha ubuyu, ukwaju, kunazi na ng'ongo. Na hayo ya kiangazi watu wazima wanaona haya kuyala mbele za wageni. Mgeni akija anatumwa mtoto kununua soda.

AFISA LISHE: Hilo la mapera nilitaka tulisemee. Pera lina nyuzinyuzi gramu 5 na zaidi kwa gramu 100; embe na papai hazifiki 2, tikitimaji halifiki hata nusu gramu. Pera lingekuwa mfalme wa matunda huku. Watu wanaliogopa, eti mbegu zake zinaleta kidole tumbo.

MZEE WA MKALAMA: Si eti. Mtoto wa jirani yangu alipasuliwa.

AFISA LISHE: Pole yake, mzee wangu. Watoto wanaokula mapera ni wengi, kwa hiyo wengi wa wanaopasuliwa watakuwa wamewahi kula mapera. Mbegu ya tunda kukwama kwenye kidole tumbo hutokea, lakini ni nadra mno. Burkitt mwenyewe aliamini kinyume chake, kwamba kidole tumbo kinakuja na chakula kisicho na nyuzinyuzi.

MZEE WA MKALAMA: Na kufunga choo? Pera linafunga choo, hilo hata mbuzi anajua.

AFISA LISHE: Pera bichi, ndiyo. Lina tanini nyingi, ule ukakasi unaouma ulimi. Watoto wanalichuma likiwa kijani kwa kuogopa wenzao watawatangulia. Lililoiva, likaliwa na maji ya kutosha, linalainisha. Na maji ni muhimu. Nyuzinyuzi bila maji kweli zinafunga.

MAMA WA IKUNGI: Maji ya kutosha, Agosti, Ikungi.

MCHUUZI WA UBUYU: Nimenyamaza muda mrefu. Mimi natoka Manyoni, nanunua ubuyu kwa debe na gunia, napeleka Dodoma na Dar es Salaam, na mwingine unavuka hadi Zanzibar. Mke wangu ana kibanda cha juisi karibu na stendi. Mtaalamu, kila semina mnatupiga vita watu wa juisi. Mteja ametoka safari, jua kali, umpe pera atafune?

AFISA LISHE: Kaka, ugomvi wangu ni na chujio. Chungwa zima lina nyuzinyuzi gramu 2.4 kwa gramu 100. Juisi yake iliyochujwa ina 0.2. Sukari ya tunda ambayo ilikuwa inaingia polepole sasa inaingia kwa mkupuo. Shirika la Afya Duniani linaihesabu sukari ya juisi pamoja na ile ya kwenye kopo, na linataka zote kwa pamoja zisizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, yaani gramu 50 hivi kwa mtu mzima. Glasi ya juisi ya chungwa ina gramu 20 na zaidi kabla mkeo hajatia kijiko.

MCHUUZI WA UBUYU: Basi nikuulize ya ubuyu. Tunaloweka, tunakoroga, tunachuja mbegu na zile nyuzi nyekundu. Mweupe wote unayeyuka unabaki kwenye maji. Nyuzinyuzi zako zimeenda wapi?

AFISA LISHE: Nyingi zimebaki kwenye jagi lako, nakubali. Karibu nusu ya uzito wa unga wa ubuyu ni nyuzinyuzi, na sehemu kubwa ni pektini, ile inayoyeyuka na kuyafanya maji yawe mazito. Hiyo inapunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu na inawalisha bakteria wazuri wa utumbo mpana. Juisi ya ubuyu ni tofauti na ya chungwa. Lakini juisi ile ni chachu, na mnaishindaje uchachu? Kwa sukari.

MCHUUZI WA UBUYU: Isipotiwa sukari hainyweki, hainunuliki.

AFISA LISHE: Na ule mwekundu wa Zanzibar?

MCHUUZI WA UBUYU: Ule ni ubuyu na mbegu zake, umepikwa na sukari, iliki, pilipili manga na rangi. Mweupe haujaondolewa. Nyuzinyuzi zimo.

AFISA LISHE: Zimo, na vitamini C imeachwa kwenye moto, na meno ya mtoto yanalipa. Mtoto wa Singida ananunua pakiti ya ubuyu uliotoka Manyoni, ukaenda kupakwa sukari, ukarudi.

MAMA WA IKUNGI: Tena anaununua kwa hela aliyopewa ya kalamu.

MZEE WA MKALAMA: Mnazungumza sukari, mimi nazungumza mti. Mbuyu wenye matunda leo hakuna kati yetu aliyeuona ukiwa mche. Maua yake yanafunguka usiku na popo ndio wanaoyazalisha. Popo wenyewe tunawafukuza. Mche ukitokeza, mbuzi kaumaliza. Mkwaju unakatwa kwa ajili ya mkaa. Mng'ongo unakatwa ili kupanua shamba la alizeti. Mnataka kuandika matunda ya porini kwenye elimu ya lishe, pori liko wapi? Waulizeni Wahadzabe, majirani zetu wa Munguli wanaowinda na kuchuma porini.

AFISA LISHE: Wahadzabe ndio mfano ambao dunia inautazama. Wanakula nyuzinyuzi gramu 100 hadi 150 kwa siku: ubuyu, mizizi, matunda madogo ya vichakani. Mwaka 2014 watafiti walionesha kwamba bakteria wa matumboni mwao ni wa aina nyingi kuliko wa Wataliano waliolinganishwa nao. Mwaka 2017 utafiti mwingine ulionesha kwamba bakteria hao wanabadilika kwa majira. Wapo wanaopotea msimu mmoja na kurudi mwaka unaofuata, na baadhi yao kwa watu wa mijini hawaonekani kabisa.

MZEE WA MKALAMA: Najua. Walikuja kukusanya vinyesi, wakaviweka kwenye barafu, wakaondoka navyo. Nilifikiri baada ya kuona maajabu hayo watarudi kulilinda pori lililoyaleta. Pori limelimwa, limelishwa ng'ombe, na Mhadzabe anapewa unga wa mahindi wa msaada. Utalisifuje tumbo la mtu huku unamwondolea chakula chake?

MAMA WA IKUNGI: Na Mhadzabe hali ubuyu mkavu peke yake, mzee wangu. Anakula na nyama ya porini na asali. Mtaalamu anazihesabu nyuzinyuzi, nyama haitaji. Hapo ndipo tunapoachana. Mnachukua kitu kimoja kwenye sahani ya mtu, mnakipima, mnakirudisha kwetu kama ushauri, na kile kilichokuwa pembeni yake mmekiacha.

AFISA LISHE: Basi tukiweke. Papai na embe zina karotini, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, na haifyonzwi vizuri bila mafuta. Mkoa huu ni wa alizeti. Papai lililopondwa, na uji uliotiwa kijiko cha mafuta ya alizeti au karanga zilizosagwa: tunda linapata mafuta yake, mtoto anapata nguvu anayoikosa kwenye pumba. Ubuyu na uwele na kunde, madini ya chuma yanafyonzwa. Sijawahi kusema tunda liliwe peke yake.

MAMA WA IKUNGI: Hujasema, lakini hoja imesema liwekwe mbele. Mimi muda nilionao kliniki ni dakika chache, na mbele yangu kuna foleni. Kama sentensi ya kwanza ni matunda, nitatoka na matunda. Kwa mtoto wangu sentensi ya kwanza iwe: uji mzito wenye kimea, mafuta, kitu cha nyama au maharage, mara nne kwa siku. Tunda lije baada ya hapo, kama ulivyolieleza, kijiko kimoja.

AFISA LISHE: Na yule mwanamke mjamzito nyuma yako kwenye foleni? Na baba yako mwenye kisukari? Kwa mjamzito mwenye damu kidogo, pera pamoja na maharage naliweka kwenye sentensi ya kwanza, sambamba na vidonge vyake vya chuma. Kwa mwenye kisukari, sentensi ya kwanza ni kuacha sembe na kurudi kwenye uwele, na tunda ale bila kulisaga. Siwezi kuandika sentensi moja kwa foleni nzima.

MCHUUZI WA UBUYU: Wakati mnagawana sentensi, gunia linaondoka. Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu kuuzwa kama chakula mwaka 2008, Marekani ikafuata mwaka 2009. Tangu hapo wanautia kwenye vyakula vya wanaojali afya, kwa bei ambayo mchumaji wa Manyoni akiisikia anakaa chini. Mimi simlaumu anayeuza. Miaka ya nyuma buyu lilianguka likaozea chini, wakala watoto wachunga ng'ombe na nyani. Sasa lina thamani, na mwenye mti ameacha kuukata. Mzee analilia mti. Soko ndilo limeulinda.

MZEE WA MKALAMA: Limelinda mti mzee. Mche limeulinda lini? Wataalamu wanasema mbuyu ukibebeshwa unazaa kwa miaka michache badala ya kungoja zaidi ya kumi. Katika wanunuzi wako wote, yupo aliyeleta mche hata mmoja?

MCHUUZI WA UBUYU: Hakuna aliyeniomba.

MZEE WA MKALAMA: Nakuomba sasa.

MWANDISHI: Niwarudishe kwa mtoto, nikiwa na fedha mkononi. Halmashauri zinaelekezwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Afisa, hiyo 1,000 ikiwa mkononi mwako, na mtoto ni wa Ikungi, na mwezi ni Agosti, utanunua ubuyu?

AFISA LISHE: Hapana. Kwa hela hiyo nitawafundisha akina mama kutia kimea kwenye uji, na ikibaki nitanunua karanga. Ubuyu sitaununua kwa sababu uko tayari kijijini. Kazi yangu ni kuhakikisha hauondoki wote. Kila nyumba yenye mtoto mdogo ibakize debe moja kabla ya kuuza. Ukiwa mkavu, ukawekwa pasipo unyevu, unakaa miezi mpaka mvua zije na mboga zirudi.

MCHUUZI WA UBUYU: Utauzuia kwa sheria gani? Mti uko shambani kwake, na Januari shule zinafunguliwa. Anaponiuzia gunia anapata hela ya sare, madaftari na mchango wa chakula cha shule. Debe lililobaki ndani halinunui daftari.

AFISA LISHE: Na mchango huo wa chakula cha shule unatolewa kwa mahindi. Kwa nini kamati ya shule isipokee ubuyu pia, debe lihesabiwe kama mchango, upikiwe watoto haohao kwenye uji wa saa nne?

MCHUUZI WA UBUYU: Kwa bei yangu au kwa bei ya kijiji?

AFISA LISHE: Kwa bei ya soko.

MAMA WA IKUNGI: Hapo nitasikiliza, ingawa wa miezi kumi hayuko shule na uji wa saa nne haumfikii. Mwaka huu nitauza, nisiwadanganye. Debe moja nitalibakiza, kama mama mkwe alivyobakiza. Debe la pili nitalibakiza mwaka ambao kamati ya shule itakuja kulipima mlangoni kwangu na kuniandikia kwenye daftari la michango, kabla huyu kaka hajafika na gari.